Kipimo cha lupus kimetoka chanya, daktari kasema huna: hatujala hela yako

Lalamiko hili linatufikia kila mara pale mapokezi ya maabara yetu hapa Dodoma, na wiki iliyopita lilikuja kwa sauti ya juu mbele ya wateja wengine: "Nimelipa hela yote ile ya kipimo cha lupus, jibu limetoka chanya, daktari kaniambia sina lupus. Sasa ninyi mlinipima nini?" Dada yule alikuwa na haki ya kuuliza, na alijibiwa. Tunaandika kwa sababu wengi wanaouliza hivyo wamepita njia ileile. Wamesoma dalili kwenye simu, wamepitia duka la dawa, kisha wanafika kwetu na kusema, "Nipimeni lupus tu, mengine sitaki."

Lupus ni ugonjwa ambao kinga ya mwili hugeuka na kuushambulia mwili wenyewe, na hakuna kipimo kimoja cha kuuthibitisha. Hicho mnachokiita hivyo ni ANA. Kinatafuta kingamwili zinazogeuka na kushambulia viini vya seli za mwili wenyewe. Karibu kila mgonjwa wa lupus anazo, lakini wapo pia watu wazima wenye afya yao wanaozibeba maisha yao yote bila kuugua. Ndiyo maana ANA ikitoka hasi, daktari huelekea kutafuta ugonjwa mwingine, ila ikitoka chanya kazi ndiyo kwanza inaanza. Katika vigezo ambavyo madaktari bingwa wa Ulaya na Marekani walivitoa mwaka 2019, ANA ya 1:80 au zaidi, yaani inayoonekana bado damu ikizimuliwa mara 80, ni sharti la kuingilia tu. Baada ya hapo zinahesabiwa alama za ngozi, viungo, figo, damu na mengineyo, na zisipofika 10 mgonjwa haingizwi kwenye kundi la lupus.

Kwa hiyo dalili ndizo zinazobeba mzigo, na ubaya wake haziji siku moja. Dodoma malaria ni kidogo ukilinganisha na mikoa ya ziwa, lakini homa ikija watu wanameza dawa ya malaria. Ikirudi, inaitwa taifodi kwa Widal moja, kipimo ambacho kinaweza kuonesha chanya kwa homa uliyougua zamani. Ikirudi tena, inaitwa UTI. Hakuna anayeunganisha homa ya Machi, nywele zilizokatika Juni na vidole vilivyokakamaa Agosti. Mwenye kuweza kuunganisha ni wewe, maana mwili ni wako. Hasa ukiwa mwanamke kati ya miaka 15 na 45, kwa kuwa katika kila wagonjwa kumi wa lupus, takriban tisa ni wanawake.

Tazama uso. Upele wa lupus hutanda mashavuni na kupita juu ya pua kama kipepeo aliyetandaza mabawa, lakini haugusi ile mikunjo inayoshuka kutoka puani kwenda pembe za mdomo. Vitabu vinasema ni mwekundu. Kwa ngozi zetu mara nyingi unaonekana mweusi zaidi au wa zambarau, na ndiyo maana unadhaniwa ni madhara ya mkorogo. Jua huuchochea. Mama mmoja anayelima zabibu upande wa Mpunguzi alituambia kila akitoka kuvuna uso unawaka na siku mbili zinazofuata hawezi kunyanyuka kitandani. Kiangazi cha huku, miezi bila wingu, ni kigumu kwa mtu wa namna hiyo.

Vidonda vya mdomoni tafuta kwenye kaakaa, juu kabisa, kwa sababu vingi haviumi na mtu hajui kama anavyo. Viungo vinavyouma ni vidogo, vidole na viganja, na ugumu wake ni wa asubuhi: kufunga kifungo cha shati au kushika mwiko inakuwa kazi, mchana panalegea. Kuna maumivu ya kifua ukivuta pumzi ndefu. Kuna uchovu ambao usingizi hauuondoi.

Figo haziumi, na hapo ndipo tunapokuwa wakali. Tunataka mkojo mbichi, utolewe hapahapa kwenye kopo letu. Watu wanatuletea wa kutoka Bahi au Kongwa kwenye chupa ya maji ya kunywa, umekaa garini tangu alfajiri, na tukiukataa wanasema tunataka kuuza kopo. Utepe wa kuchovya kwenye mkojo utaonesha protini, sawa. Lakini sisi tunauzungusha mkojo kwenye mashine, tunamwaga maji ya juu, tone la chini tunaliweka kwenye kioo na kulitazama kwa hadubini. Tunachotafuta ni vijimrija vidogo vilivyoshikamana na chembe nyekundu za damu, ishara kwamba damu inavujia ndani ya figo zenyewe. Mkojo ukikaa saa kadhaa, vijimrija hivyo vinayeyuka. Yule mama wa zabibu alikuwa amemeza dawa za UTI mara kadhaa. Mkojo wake ulikuwa na povu lisilotulia, protini ya jumlisha tatu (+++), yaani nyingi, na vijimrija vilikuwepo. Siku hiyohiyo tulimwandikia barua ya kwenda hospitali.

Sasa njia ya mkato inayotuumiza sote: vidonge vya prednisolone, dawa ya steroidi inayotuliza kinga ya mwili, vya duka la dawa. Vinatuliza kweli, siku ya pili viungo vimelainika na upele umefifia. Kisha unakuja kupima. Chembe nyeupe ambazo lupus ingezishusha, prednisolone imezipandisha. Daktari anatazama uso msafi. Umelipia picha kamili ya damu inayoficha ugonjwa, na utalipia tena. Ukiwa umevitumia muda mrefu usivikate ghafla, ni hatari, ila mwambie anayekutoa damu. Diklofena ya kila siku nayo inaziumiza figo ambazo pengine tayari zinaumwa, na septrin imewahi kuchochea lupus kwa baadhi ya wagonjwa.

Kuhusu bei. Damu ya ANA hatuimalizi hapa. Tunaitenga, inasafiri na barafu hadi Dar es Salaam, huko inazimuliwa hatua kwa hatua, 1:80, 1:160, 1:320, na mtu aliyefunzwa anaisoma gizani kwa hadubini ya mwanga maalumu. Haiwezi kuwa bei ya kipimo cha malaria. Na sisi ndio tunaokuambia uanze na mkojo, picha ya damu na kreatini (kipimo cha damu cha kazi ya figo), ambavyo ni bei ndogo, ANA ifuate daktari akiiandika. Anayetaka kukula hela hakuambii hivyo.

Jambo jingine kwa akina mama wa kliniki. Kipimo cha awali cha kaswende kinaweza kutoka chanya kwa mwenye lupus ambaye hana kaswende. Tumeshuhudia ndoa ikitikisika kwa karatasi hiyo, mume amefura, mke analia, na mimba mbili zilikuwa zimetoka kabla. Kipimo cha kuthibitisha kilikuja hasi. Kifanyeni hicho kwanza, na mwambieni daktari kuhusu mimba zilizotoka, maana nazo zinaweza kuhusiana na lupus.

Ukivimba miguu na kope kwa pamoja, ukapata degedege, ukakosa pumzi au mkojo ukapungua sana, usije kwetu. Nenda hospitali ya rufaa moja kwa moja, hata usiku, na ubebe majibu yako yote ya nyuma pamoja na pakiti za dawa ulizomeza.