Shukrani kwa mama wa ushungi wa kijani, Majengo

Shikamoo mama. Jina lako sikulipata, ila ni wewe uliyekaa nami kwa fundi cherehani pale soko la Majengo, Dodoma, nikiwa na lundo la vitenge na mchoro wangu. Nilikuwa namwandalia mpwa wangu blanketi la viraka. Alikuwa anatimiza miaka 20 na kemia haimtoki mdomoni, nikataka elementi 20 za kwanza, kila moja na kiraka chake, kalsiamu ing'ae kuliko zote kwa kuwa namba yake ndiyo 20.

Kilichotukwamisha ni mapengo ya jedwali la elementi, zile nafasi tupu kati ya elementi za safu moja au mwishoni mwake. Fundi alitaka viraka vibanane tu. Ukasema hapana: heliamu lazima ikae juu ya neoni na agoni, gesi ajizi, zile zisizoungana kirahisi na elementi nyingine, ni ukoo mmoja, mapengo yazibwe kwa kaniki. Viraka 12 vya kaniki, 6 safu ya juu, 6 ya chini. Kumbe ndivyo vilivyolipa blanketi sura! (Wewe ni mwalimu, usinikatalie.) Ukatuambia pia tufue kaniki kabla ya kukata maana huchuja, tuache robo inchi ya mshono kila upande, na tupige pasi kila safu kabla ya kuunga inayofuata. Hata soda ulikataa.

Mpwa amelipokea, na kwa upepo huu wa Julai halitoki kitandani. Nimekuachia doti ya kanga kwa fundi yule yule. Pita uichukue, mama. Asante sana.