Ghorofa zijengwe, ila kwa mpango wa eneo zima

Mhariri, naomba nafasi kidogo niongelee hili la ghorofa huku mitaani, limenikaa moyoni.

Dar kwa sensa ya 2022 tumefika watu milioni 5.38 na bado mji unatambaa tu kwenda Chanika, Bunju, mpaka Kibaha huko, mtu anaamka saa kumi alfajiri awahi kazini Posta, wakati Magomeni na Manzese mabasi ya mwendokasi yanapita mlangoni tangu 2016 na nyumba nyingi bado ni zile za vyumba sita, choo uani, wapangaji wote bomba moja. Mimi nataka ghorofa zijengwe hapo, tatu, nne, hata nane. Magomeni Kota si tumeona, zilivunjwa kota za zamani yakapanda maghorofa ya kaya 644.

Shida ni huu mtindo wa kiwanja kimoja kimoja. Mwenye hela anaomba kubadilisha matumizi ya kiwanja, anabandika tangazo, kibali kinatoka, ghorofa inasimama katikati ya nyumba za chini. Kwetu Sinza viwanja vilipimwa miaka ya 70, barabara za ndani nyembamba, sasa limesimama jengo la fleti hapo jirani, ukuta umekaribia kugusa fensi ya mwenzake, mvua za masika zikipiga chemba ya maji taka inafumuka maji yanapita mbele ya dada anayekaanga chapati, na gari la kunyonya haliingii maana wapangaji wamepaki njia nzima. Tumepeleka barua ofisi husika, kimya.

Kwahiyo kanuni zibadilishwe kwa eneo, mfano ukanda wote wa Barabara ya Morogoro karibu na vituo vya mwendokasi iandikwe wazi ghorofa ngapi zinaruhusiwa, na urefu uendane na upana wa barabara na bomba la maji taka lililopo, kama bomba halipo lijengwe kwanza. Uwazi kati ya jengo na mpaka upimwe na mtu afike site kweli, sio asaini mezani, baada ya lile jengo la Kariakoo kuanguka Novemba 2024 na kuua watu zaidi ya 20 sidhani kama hili linahitaji mjadala.

Halafu wenyeji jamani. Wajane na warithi wenye viwanja vidogo wanauza kwa bei ya kutupa wanahamia porini, wakati wangeweza kuunganisha viwanja vitatu vinne, wakaingia ubia na mjenzi, kila mmoja akabaki na fleti zake, sheria ya umiliki wa sehemu za majengo ipo tangu 2008 na inaruhusu hati ya fleti moja moja. Halmashauri iwasaidie kwenye hilo, ada ya kuunganisha viwanja ipunguzwe.

Na rasimu ya kanuni hizo mpya ikiwa tayari ibandikwe ofisi za serikali za mitaa, kwa Kiswahili na ramani yake, vikao viwe Jumapili jioni, sio Jumanne saa nne asubuhi watu wako makazini.

Mkazi wa Sinza, Dar es Salaam