Kabla hamjamwaga zege la juu

Michenzani, Unguja

Shoga yangu Zuwena,

Assalaam alaykum. Barua yako nimeipata kwa mkono wa mwanao, pamoja na halua ya Wete, ambayo haikulala humu ndani. Sisi wazima, mtoto wa pili tu ana mafua.

Umenieleza habari ya ghorofa mnayotaka kupandisha juu ya duka, kisha ukanicheka: ati tangu nilipokuwa karani wa sensa sipiti nyumba ya mtu bila ya kutizama ukuta. Ni kweli, sikatai. Lakini mstari wako wa mwisho, kwamba matetemeko ni ya watu wa bara na sisi wa visiwani yetu ni upepo na mvua, huo ndio ulionikalisha kitako kuandika.

Umesahau usiku wa tarehe 12 Agosti 2020? Saa mbili na dakika kumi hivi, tumeshasali Isha, nimetia maji kwenye beseni niwaoshe watoto miguu. Yaliyoanza ni maji. Yalifanya viduara vidogo vidogo kama yanayotaka kuchemka, ndipo vikombe vikagongana kabatini. Jirani wa juu akapiga ukelele. Tukateremka ngazi sote, mmoja na upawa wa mchuzi mkononi, tukasimama chini tukizitizama nyumba zetu wenyewe kama wageni. Baadae tukaona haya, tukapanda. Asubuhi ikawa mzaha. Tetemeko lile lilitokea baharini, kusini-mashariki ya Dar es Salaam, ukubwa wake karibu 6.

Sasa lishike la Bukoba. Tarehe 10 Septemba 2016, saa tisa na nusu mchana, ukubwa 5.9. Ni pacha wa letu, basi. Lakini kule walifariki watu wasiopungua 17, nyumba zikaanguka, skuli zikabomoka. Lao lilipiga karibu na majumba ya watu, letu lilipiga mbali, na lilipotufikia limeshachoka.

Basi ile namba inayosomwa kwenye redio haikwambii watu wangapi watazikwa. Angalia mwaka 2010. Januari, Haiti, ukubwa 7.0, karibu na mji mkuu wao. Serikali yao ilitaja waliokufa zaidi ya 200,000. Februari ya mwaka huo huo, Chile, ukubwa 8.8, ambalo kwa nguvu ni kama mara 500 ya lile la Haiti, wakafa watu kama 525, na wengine kati yao walichukuliwa na bahari. Wachile walishaumia zamani. Baada ya tetemeko la Chillán la mwaka 1939 walikaza sheria za ujenzi, na wakazifuata.

Haya sikuyajua kwa akili yangu. Mtoto wa kaka yangu anasoma uhandisi Dar, alikuja Idi na kompyuta yake akanionesha ramani. Kuna taasisi iko Pavia, Italia, inaitwa GEM, ilianzishwa mwaka 2009 kwa kazi ya kupima hatari ya matetemeko dunia nzima, na Disemba 2018 ikatoa ramani zake. Programu wanayopigia hesabu, OpenQuake, inatolewa bure. Mimi nikakimbilia kuitafuta Zanzibar, nikaona rangi yetu imepoa, na rangi kali iko kule kwenye Bonde la Ufa, Rukwa na Kigoma. Rukwa ndiko lilikopiga lile la Disemba 1910, ukubwa wake kama 7.4. Nikafurahi. Akanicheka, akasema, "Shangazi, hiyo ni ramani ya ardhi kutikisika. Ramani ya hasara ni nyengine."

Ardhi ikitikisika jangwani haimuui mtu. Kwa hivyo wanauliza pia juu yake pamejengwa nini, nyumba ngapi, na ndani wamo watu wangapi saa hiyo. Uturuki, Februari 2023, lilipiga saa kumi na dakika 17 alfajiri, watu wamelala. Morocco, Septemba ya mwaka huo, saa tano na dakika 11 usiku. Lile la Haiti lilipiga jioni, saa kumi na moja kasoro, watu wengine bado wako makazini. Kisha wanauliza kila aina ya nyumba itastahamili mtikiso gani: ya udongo vipi, ya mawe vipi, ya zege vipi. Sasa, nyumba za dunia nani kazihesabu? Wanategemea sensa za nchi. Nilipolisikia hilo nilikaa kimya, shoga. Mwaka 2022 mimi na kishikwambi changu, mlango hadi mlango, "ukuta wa nini, paa la nini", na mzee mmoja akanambia kama nataka kununua niseme!

Kitu kimoja sikukipenda. Hasara nyingi wanaipima kwa pesa. Nyumba ya bibi yako Micheweni, fito na udongo na makuti, kwa pesa si kitu, ikianguka daftari halitingishiki. Lakini nyumba ile ile, wenyewe wanakiri, inaweza kumuokoa bibi kuliko ghorofa yako. Ni nyepesi, na fito zinapinda. Ardhi ikikimbia upande, nyumba inataka kubaki pale pale ilipo, na kadiri ilivyo nzito ndivyo inavyojivunja. Ndio maana za mawe na chokaa za Mji Mkongwe zinanitia hofu, kwa uzito wake na ukongwe wake. Beit el Ajaib, lile Jumba la Maajabu, la mwaka 1883, liliporomoka Disemba 2020 likiwa kwenye matengenezo, likaua watu wawili, na hapakuwa na tetemeko lolote.

Sasa twende dukani kwako. Chini mmeacha wazi, milango mitatu ya bati, nguzo tu, hakuna kuta. Juu mnataka vyumba vinne vya tofali. Huyo ni mchukuzi mwenye magunia mawili ya karafuu kichwani na miguu kama ya korongo. Nyumba za namna hiyo zikitikiswa, mara nyingi ghorofa ya chini ndiyo inayokwisha, ya juu inakaa juu yake nzima nzima. Nyumba njema si mlango, wewe unalijua hilo, lakini wateja wako wanaona rangi ya mlango tu.

Kilichoniuma zaidi ni ile picha uliyonitumia ya nguzo kabla ya kumwagwa. Nimehesabu ringi, vile vyuma vinavyozizunguka nondo: moja, kisha nafasi ya kama futi nzima, kisha nyengine. Chukua fagio lako la chelewa, lifungue kamba, ulisimamishe ulikandamize kwa juu. Chelewa zitatawanyika kila upande. Lifunge tena, kamba karibu karibu, ukandamize. Nondo ndivyo zilivyo, na ringi ndiyo kamba. Zisongeane zaidi juu na chini ya nguzo, pale inapoungana na boriti ya zege, na ncha zake zipindwe ziingie ndani, zisiishie pembeni. Fundi wa kwetu aliniambia hayo ni mambo ya Wajapani. Nikamlipa siku yake, nikatafuta mwengine.

Na mchanga usiwe wa pwani. Chumvi inakula nondo polepole, na wewe huioni.

Sikwambii usijenge. Kwa ardhi yetu pengine mimi na wewe tutakufa hatujaona zaidi ya maji ya beseni kucheza. Lakini nguzo zikishamwagwa hutazifungua tena, na ringi za ziada bei yake haifiki hata hizo taa za rangi mlizonunua za baraza. Jaza kuta mbili pale chini, za pande zinazotazamana, zisirundikane upande mmoja nyumba ikajipinda, duka halitapungua kitu.

Nipimie kwa rula nafasi ya ringi hadi ringi kwenye zile nguzo ambazo bado, unitumie kwa simu kabla ya Jumamosi. Mtoto wa kaka yupo hapa mpaka Jumapili, atazitizama. Mama msalimie, na mwambie dawa yake ya mgongo nimeshaipata, itakuja na meli ya Jumatatu.

Shogayo,
Rukia