Wasanifu wasiojua koleo

Ndugu Mhariri,

Ile habari yenu ya wahitimu wa usanifu majengo waliovaa miwani ya kompyuta, wakitembezwa ndani ya ghorofa ambalo hata msingi wake haujachimbwa, imenikera. Gazeti hili nalisoma tangu ujana wangu na sijawahi kuwasumbua kwa barua. Safari hii mmesifia kupita kiasi. Mwandishi wenu hakumuuliza hata kijana mmoja kama amewahi kushika koleo.

Mimi ni fundi mwashi, nimezeekea kwenye saiti za Dar es Salaam. Kompyuta sina ugomvi nayo. Inachora upesi, inafuta upesi, na mwenye nyumba anaiona sebule yake mapema akajua kama hela yake inatosha. Lakini kijana anavaa joho hajawahi kutafuta pembe mraba kwa uzi wa pembetatu yenye pande za tatu, nne na tano, wala kupima usawa wa jamvi, ile sakafu ya zege, kwa mpira wa maji. Ukimuuliza zege la 1:2:4, yaani saruji moja, mchanga mbili, kokoto nne, atakujibu vizuri sana, maana liko kwenye mtihani. Mpe karai apime mwenyewe uone. Kile kipindi cha fildi ambacho kingemfundisha, wengi wanakuja siku ya kwanza kusalimia na siku ya mwisho na logibuku, lile daftari la kazi za kila siku: mzee naomba unisainie na hizi za wiki iliyopita.

Nisimulie moja tu. Tulikuwa tunajenga ghorofa moja la makazi. Tumeshafunga mbao za ngazi, nikaona bimu, ile boriti ya zege ya juu, inakatiza njia ya mpandaji. Nikatoa futi: kutoka kwenye ukanyagio mpaka chini ya bimu sentimita 165, wakati mtu anahitaji kama mita 2 apite bila kuinama. Nikamwita msanifu kijana aliyeletwa na ofisi yake. Akaja na tableti, akaizungushazungusha ile nyumba kwa kidole, akasema, "Mzee, kwenye modeli hakuna tatizo." Nikamwambia baba, panda hapa mwenyewe. Hakupanda, viatu vilikuwa vyeupe. Akaenda kukaa juu ya mifuko ya saruji akainamia simu. Mara simu yangu ikalia mfukoni. Ni yeye, ameandika kwenye grupu la saiti: "Fundi, naomba picha ya eneo husika." Nimesimama mbele yake, Mhariri! Ningenyoosha mkono ningemgusa bega! Basi zege likamwagwa kama ramani ilivyosema, likanyweshewa maji siku zake zote, likakomaa vizuri, na mwenye nyumba siku ya kukagua akapanda na kugonga paji la uso. Ngazi ikavunjwa kwa tindo na nyundo, nondo zikakatwa, na hasara ikaingia kwenye malipo ya mafundi. Sababu? Fundi hakuweka taarifa kwenye grupu. Grupu lenyewe ukilifungua asubuhi unapita kwanza maua ya "siku njema" na michango ya harusi ndipo ufike kwenye habari za nondo.

Na siyo saiti tu. Zamani msanifu mwanafunzi alikula na mafundi kwa mama ntilie, na pale kwenye sahani ndipo alipojua kwa nini lipu hupasuka na kwa nini choo hakikai upande upepo unakotokea. Siku hizi kila mtu na kioo chake. Nyumbani kwangu ni hivyo hivyo: wajukuu wanne sebuleni, kimya kama msibani, na shikamoo naipata kwa ujumbe kutoka chumba cha pili. Nyumba za Kiswahili za Magomeni na Kariakoo zilikuwa na baraza mbele, mpita njia anakaribishwa, watu wanazungumza. Ramani ninazoletewa sasa baraza hakuna. Kuna maegesho ya magari mawili na ukuta. Huyo anayechora atakumbukaje mahali pa kuongea, na yeye mwenyewe haongei?

Sasa vyuo na Bodi ya Usajili wa Wabunifu Majengo na Wakadiriaji Majenzi wapokee ombi langu. Kabla ya joho, kila mhitimu achanganye zege la mfuko mmoja wa kilo 50 kwa mkono, juani, tangu saa moja asubuhi mpaka chai ya saa nne, chini ya fundi ambaye hajui hata kuwasha kompyuta. Kisha apande ngazi aliyoichora akiwa amebeba ndoo kichwani. Simu ziwekwe kwenye karai, zilindwe na mama ntilie, na atakayeifuata yake kabla ya chai aanze na mfuko mwingine. Saruji inunuliwe na chuo. Karai nitaleta mimi, moja ya zege na moja ya simu.

Fundi mwashi,
Mbagala, Dar es Salaam