Loda inatoa moshi shimoni? Angalia injini kabla hujanunua feni

Wateja wetu wa migodi ya chini wakipiga simu wanaanza na feni, hewa imekuwa nzito, watu macho yanawasha na vichwa vinauma, basi wanataka feni kubwa zaidi. Feni tunafunga ndiyo, ila tuanze na injini jamani, maana loda (mashine ya kuchota na kubeba mawe) inayotema moshi mweusi utaiongezea feni mpaka bili ya umeme ikuumize na watu bado wanakohoa.

Moshi mweusi ni dizeli nyingi kuliko hewa, haiungui ikaisha. Mara nyingi eya klina, yaani chujio la hewa ya injini, imejaa vumbi (shimoni inajaa haraka mno), au nozeli zinadondosha dizeli badala ya kuipuliza kama ukungu, au paipu ya turbo inayosukuma hewa kwenye injini imepasuka.

Lakini hapa ndo wengi wanadanganyika, usipoona moshi haimaanishi hewa ni salama. Monoksidi ya kaboni haina rangi wala harufu, na inang'ang'ania damu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Masizi yenyewe ni madogo mno yanafika ndani kabisa ya mapafu, na tangu 2012 shirika la utafiti wa saratani la WHO limeshasema wazi kwamba moshi wa dizeli unasababisha saratani kwa binadamu. Barakoa ya kitambaa haizuii gesi, msiwape watu hiyo mkadhani mmewakinga.

Ndo maana sisi tunapima kwenye ekzosi injini ikiwa ya moto na ina mzigo, ikinguruma tu bila mzigo haitoshi, namba zitakupendeza bure. Tukifunga kataliti, yaani kifaa cha kwenye ekzosi cha kupunguza gesi za sumu, tunapima tena, kwa sababu zipo zinazoshusha monoksidi halafu zinapandisha naitrojeni dioksidi, ambayo nayo ni sumu ya mapafu. Filta ya masizi ikifungwa vizuri inanasa zaidi ya asilimia 90, ila inahitaji ekzosi ya moto ili masizi yaungue, sasa opareta akiiacha loda inanguruma nusu saa akisubiri lori filta inaziba. Mwambieni azime.

Baada ya hapo ndo tuongee feni. Ontario, Kanada, sheria inataka mita za ujazo 0.06 za hewa kwa sekunde kwa kila kilowati, kwa hiyo loda ya kilowati 150 inataka 9, na tunazipima pale loda inapochimba, sio kwenye mdomo wa feni, dakti (bomba la kupeleka hewa) iliyochanika njiani inamwaga hewa yote kabla haijafika.

Ukitupigia tutajie kilowati za kila mashine inayoshuka, na siku ya kupima loda iwe kazini.