Hofu ya saratani kurudi: tumuulizeje mgonjwa mbele ya ndugu zake?

Ndugu mhariri,

Sisi ni wahudumu tunaowafuatilia majumbani wagonjwa wa saratani ya utumbo mpana, Dodoma mjini na vijiji vya Chamwino na Bahi. Tunaomba ushauri wa wauguzi, washauri nasaha na hasa wagonjwa wenyewe.

Baada ya upasuaji na kemo (dawa za kuua seli za saratani), mgonjwa kwa kawaida humwona daktari na kupimwa kwenye damu CEA, protini ambayo huweza kupanda saratani hii ikirudi, kila miezi 3 hadi 6 kwa miaka 2 ya mwanzo, kisha kila miezi 6 hadi mwaka wa 5. Kuna CT scan, na kamera ya utumbo baada ya mwaka mmoja. Ugonjwa ukirudi, mara nyingi hurudi ndani ya miaka 2 hadi 3 ya mwanzo, kwa hiyo hiyo ndiyo miaka ya kutokosa kliniki. Na hapo ndipo hofu inapowashika. Tarehe ikikaribia mtu halali, chakula hakipiti. Siku ikifika anasema hana nauli. Nauli ni tatizo kweli kwa anayekwenda taasisi ya saratani ya Ocean Road, Dar es Salaam, lakini hata mwenye miadi hapa hapa Hospitali ya Benjamin Mkapa, nauli iko mkononi, anabaki nyumbani.

Wengine hofu inawageuza wakaguzi wa miili yao. Tundu la kolostomi, yaani utumbo uliotolewa tumboni ili kinyesi kitokee kwenye mfuko, likifutwa hutoa damu kidogo, kwa sababu utando wake una mishipa mingi midogo. Likiwa jekundu na lenye unyevu, ni zima. Mgonjwa anaona doa kwenye kitambaa, anaamua saratani imerudi, anafuta tena na tena, damu inaongezeka. Cha kumkimbiza hospitali ni tundu kuwa zambarau au jeusi, damu isiyokoma au inayotoka ndani na kinyesi, au mfuko kukaa mtupu huku tumbo limejaa na anatapika. Oksaliplatini, mojawapo ya dawa za kemo, nayo huacha ganzi na michomo ya vidole, ambayo huweza kuongezeka kwa miezi kadhaa hata baada ya dripu ya mwisho. Asubuhi za upepo wa Julai mtu anashindwa kufunga vifungo vya shati, anasema "sasa imefika kwenye mishipa". CEA pia hupanda kidogo kwa uvutaji sigara au ini lenye maradhi, ndiyo maana daktari huirudia kabla ya kusema lolote.

Haya tunayaeleza, na mtu hutulia. Tunakokwama ni kwenye hofu isiyotokana na kutojua: mama anayewaza nani atawasomesha watoto, mzee anayeogopa kuogeshwa na wanawe. Hizo si hofu za kuambiwa "usijali". Imani inawabeba wengi na hatuigusi, ila "mwachie Mungu" ikisemwa upesi hufunga mazungumzo. Ndugu nao hutuvuta pembeni: "Msimtajie hilo neno, mtamuua." Mgonjwa kwa upande wake anatusihi tusiwaambie wanawe kwamba anaogopa.

Lipo dodoso la maswali 12 la kupima hofu ya ugonjwa kuendelea. Kila swali lina alama 1 hadi 5, kuanzia "kamwe" hadi "mara nyingi sana". Jumla ni 12 hadi 60, na kuanzia 34 huhesabiwa hofu iliyozidi. Lakini limetungwa kwa mtu anayejijazia kwa kalamu. Msomee bibi asiyejua kusoma, mkwewe amekaa hapo mkekani, atajibu "kamwe" yote 12.

Kwa hiyo tunauliza. Mnawaombaje ndugu wapishe kidogo bila kuonekana mmewafukuza kwao? Kwa asiyesoma, kutumia kokoto 5 badala ya maneno kunafaa, au anaona anachezewa kama mtoto? Aliyefika 34 na anaishi kijijini, mbali na mshauri nasaha, mnaanza naye vipi wiki hiyo? Na zile siku za kusubiri majibu ya kipimo, nyie mliozipitia, ni neno gani la mhudumu liliwafaa, na lipi mngependa lisisemwe tena?

Wahudumu wa wagonjwa majumbani,
Dodoma