Masharti ya programu yaanzie kwenye akiba

Mhariri,

Nafundisha vijana kuandika programu za kompyuta, na nawaomba walimu wenzangu tunapofundisha masharti, yaani maagizo ya "ikiwa hivi, fanya vile", tuanzie kwenye mapato na akiba. Mwanafunzi akiandika kwa Python, lugha ya kuandikia programu, "if mapato > matumizi" (ikiwa mapato yanazidi matumizi), anaona papo hapo kompyuta ikichagua njia. Ila mpangilio wa masharti tuusisitize sana: ukitanguliza "mapato >= 100" (mapato ya 100 au zaidi) kisha ukafuatisha elif, sharti linaloangaliwa pale tu lililotangulia lisipotimia, ya "mapato >= 500", mwenye 800 ataishia sharti la kwanza, na akiba yake itakokotolewa kwa kiwango cha chini. Na yule ambaye mapato yake yanalingana sawasawa na matumizi? Vijana humsahau mno, na kwangu huyo ndiye anayestahili jibu la uangalifu kuliko wote.

Mwalimu wa kompyuta